Ufunguo Uliobaki Shingoni

Ndugu, jamaa na majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, nanyi wakubwa wa kiwanda cha sabuni mlioketi mstari wa mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu. Ofisi yenu ilituletea historia iliyokwisha kupigwa chapa, ikatuomba tuisome kama ilivyo, lakini shemeji yangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya sahani, kwa hiyo hii nitakayosoma ni ya kwetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1966, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba iliyoshikana na karakana. Jambo la kwanza alilolikumbuka maishani lilikuwa vidole viwili vya baba vilivyokatwa na msumeno, viko juu ya unga wa mbao, na baba akimwambia mama kwamba ni kosa lake mwenyewe. Kaka alikuwa na miaka mitano, akaenda peke yake kuuchungulia ule msumeno, akakuta kifuniko chake kinaning'inia kwa kipande cha waya, na tangu siku hiyo maneno "kosa lake mwenyewe" hayakumwingia akilini, yakitoka kwa baba au kwa mtu mwingine yeyote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari hadi 1984, kisha chuo cha ufundi mitambo kuanzia Januari 1985 hadi Novemba 1987, ambako nusura akose mtihani wa mwisho kwa sababu alikataa kukalia stuli aliyopewa, iliyolegea mguu, mpaka ibadilishwe. Yeye alikuwa akisema msimamizi aliyemcheka ndiye aliyeanguka nayo. Hapo huenda alitia chumvi, ila la stuli ni kweli.

Aliajiriwa kiwandani tarehe 7 Machi 1988 akiwa fundi mitambo, na tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu. Siku hiyo wageni wamekaa, bwana harusi haonekani, kumbe yuko nyuma ya ukumbi anabishana na mwenye ukumbi kwamba mlango wa pili haufunguki na watu mia mbili wako ndani, hadi bibi harusi akamfuata na gauni lake na kusema kama ni kuolewa mlangoni, basi na aolewe mlangoni. Mlango ulifunguliwa, na ndoa ikafungwa. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1995, 1998 na 2002, ambao wote walijua kunusa mtungi wa gesi kabla ya kujua kusoma, na sasa kuna mjukuu mmoja.

Tarehe 19 Mei 2003 rafiki yake, ambaye yuko nasi hapa, alipoteza mkono ndani ya pipa la kuchanganyia sabuni, kwa sababu mtu alipita, akaona mashine imezimwa, akaiwasha kwa nia njema kabisa. Kaka alikwenda mafunzoni miezi mitatu, akarudi akiwa msimamizi wa usalama kazini, na makufuli arobaini mekundu, kila moja lina picha ya mwenyewe na ufunguo mmoja tu. Anayeingia ndani ya mashine anaizima, anafunga swichi kuu kwa kufuli lake, anavaa ufunguo shingoni, ndipo anaingia, na kufuli la aina hiyo, naomba mnisikilize vizuri hapa, haliachii ufunguo mpaka liwe limefungwa. Walimcheka, wakambandika jina la Mzee Kufuli, yeye akalipokea na kuwaambia wamwite wapendavyo, mradi wafunge.

Alianzisha pia Daftari la Nusura, ambamo mtu aliandika kilichotaka kumdhuru kisimdhuru, bila jina lake na bila kuulizwa. Mwezi wa kwanza lilikaa jeupe, kila mmoja akidhani ni mtego, mpaka yeye mwenyewe akaandika "nusura niteleze, nilikuwa navaa ndara," na wiki hiyo hiyo mama wa usafi akaandika kuhusu waya ulio wazi nyuma ya kabati, na waya huo ukafunikwa kabla ya saa sita. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyeumia vibaya mahali pale, na kaka aliamini chanzo kilikuwa daftari lile kuliko makufuli.

Mwaka 2021 ulikuja uongozi mpya, na mwishoni mwa mwaka uliofuata ukaweka getini ubao wa kuhesabu siku bila ajali, na hapo kaka akaanza kutolala vizuri. Namba ilipanda, daftari likanyamaza, watu wakificha bandeji ndani ya mikono ya mashati wasije wakaharibu ubao. Kaka alikuwa akisimama mbele ya ubao huo kila asubuhi, akimwambia mlinzi kwamba mahali pasipo na nusura hata moja kuna mtu anaficha kitu.

Jumatatu tarehe 8 Julai 2024, saa nne asubuhi, aliingia katika pipa namba mbili kukagua panga la kuchanganyia lililopata ufa, na mashine ikawashwa. Alilazwa siku nne. Jumatano alipata fahamu kidogo, akamuuliza mke wake jambo moja tu, "Kufuli liko wapi?" Alifariki Ijumaa tarehe 12 Julai, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Karatasi ya ofisi inasema hakufunga kufuli, ni uzembe wake mwenyewe. Siku ya ajali ubao ulisoma 611. Kesho yake nilipita pale kwa macho yangu, ukasoma 612, na nilipouliza niliambiwa uzembe wa mtu binafsi hauhesabiwi. Daftari nalo halionekani. Tena kabla jeneza halijanunuliwa, walikuja watu wa ofisi mara tatu, pole yao ikiwa fupi na swali lao moja, kama katika vitu vya marehemu kulikuwa na ufunguo mdogo, maana ni mali ya kiwanda. Shemeji alijifanya hamnazo, akawaahidi kuutafuta, nao muda wote ulikuwa kwenye pindo la nguo yake, kwa sababu muuguzi aliuvua shingoni mwa kaka na kumkabidhi yeye mkononi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku zote nne, na muuguzi huyo kwa namna ya pekee. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na kukesha nasi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, na mmoja wenu kuliko wote, aliyeacha leo asubuhi kwenye meza ya kitabu cha rambirambi glovu ya kazi, na ndani yake kufuli jekundu lenye picha ya kaka, chuma chake cha juu kimekatwa kwa mkasi wa vyuma. Shemeji alifungua pindo lake mbele yetu, akautia ufunguo, ukaingia, ukazunguka. Hatukujui wala hatukutafuti, maana kaka hakuwahi kuuliza jina la aliyeandika. Kufuli na ufunguo anavyo binti yake mkubwa, na kesho vinakwenda kwa wachunguzi wa serikali, si ofisini.

Nanyi mtakaoingia kwenye mapipa Jumatatu, tunawaomba mfunge.

Kaka, tumelitafuta ulilouliza, tumelipata. Lilikuwa limefungwa. Sasa pumzika, kwa amani.