Saa Kumi ya Kwenye Karatasi

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya kibanda changu cha kushona viatu, benchi alilolipigilia misumari Bati mwenyewe. Wasiokosa ni watatu. Bati anaezeka nyumba za watu, Wembe ni kinyozi wa mlango wa pili, na Gia alikuwa dereva wa lori mpaka lori likamchoka. Mimi nashona huku nawasikiliza, na chupa ya kahawa ni yangu, kwa hiyo nawavumilia. Bati tunamheshimu kwa jambo moja: anapiga misumari ya paa zima bila kuvuta uzi wa kunyooshea, kwa jicho tu, na mstari unanyooka. Sasa jicho lake la kulia limeota kinyama chekundu pembeni, na kinatambaa kuelekea kwenye mboni. Jana mkandarasi alimlazimisha avute uzi. Leo, saa tano na nusu asubuhi, amekuja na karatasi ya zahanati iliyokunjwa mara nane, amenuna.

BATI: Naichana mbele yenu, muwe mashahidi.

WEMBE: Imekukosea nini?

BATI: Inasema nikae mbali na jua kumi mpaka nne. Hii hapa, imechapwa. Miezi mitatu naitii. Saa kumi alfajiri mpaka saa nne asubuhi sitoi hata pua nje. Shemeji yenu ananiita bwana harusi. Saa nne ikifika ndiyo napanda juu ya bati. Na kinyama kinazidi kukua. Daktari anasema kikifika kwenye mboni, misumari nitapiga kwa kupapasa.

Akanywa kahawa ya Wembe. Wembe alimwachia.

GIA: Tatizo si wewe, ni hilo jua. Simu yangu hii inatoa namba ya mionzi kila siku. Leo imeandika tisa. Sasa tazama nje, mawingu, watu wamevaa masweta. Digrii tisa si tungekuwa tumeganda hapa?

WEMBE: Hiyo si digrii, ni asilimia.

GIA: Asilimia tisa ya nini?

WEMBE: Ya jua. Zilizobaki ziko likizo mpaka msimu wa joto.

GIA: Msimu wa joto ilikuwa kumi na mbili.

WEMBE: Basi na huko lilikuwa linafanya kazi nusu siku. Mimi nasema mchawi ni bati jipya. Bati linachaji kama simu. Mchana linakusanya mionzi, alfajiri linaiachia. Ndiyo maana karatasi ikasema alfajiri.

MIMI: Na wanaolala chini ya hilo bati?

WEMBE: Wanaota mvi mapema. Wateja wangu wote wa nyumba mpya wana mvi, na vichwa vyao navijua mimi.

GIA: Kwa hiyo mtu alale na mwavuli?

WEMBE: Mwenye akili ataanza leo.

BATI: Basi. Kuanzia sasa napanda alfajiri, napanda mchana, napanda jioni. Jua likilitaka jicho langu, lije lilichukue mbele za watu. Simkimbii mtu anayekaa mbali hivyo.

Muda wote huo alikuwa amesimama mama mmoja nisiyemjua, buti moja mguuni, lingine mkononi limeachia soli. Udongo ulimjaa kwenye kucha, na kofia yake ilikuwa pana kama sinia.

GIA: Mama, hiyo kofia inalipiwa kodi?

MAMA: Nafanya kazi kwenye kitalu cha miche, kaka, kutwa niko nje. Lakini nina swali. Hiyo saa kumi alfajiri, jua liko wapi?

Wembe alimtazama Gia. Gia akatazama juu. Mimi nikaendelea kuivuta sindano ambayo haikuwa na uzi.

MAMA: Kaka mwenye simu, saa yako inaandika ngapi?

GIA: Kumi na moja na nusu.

MAMA: Na sisi tunaita saa ngapi?

GIA: Saa tano na nusu.

MAMA: Basi kumi ya kwenye karatasi ni saa nne yetu, na nne yake ni saa kumi jioni.

BATI: Rudia.

MAMA: Saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Saa zilezile ulizokuwa juu. Na hiyo tisa ni ukali wa mionzi, haina habari na sweta lako. Namba ikifika tatu tunajifunika, ikifika nane tunaingia kivulini. Baridi imeleta hewa nzuri tu, mionzi imebaki, na wingu jepesi inalipita. Usipokuwa na simu, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka.

Bati alitoka hadi katikati ya barabara. Jua lilikuwa limechungulia kidogo. Alikitafuta kivuli chake, akakikuta kimejikunja chini ya viatu.

BATI: Miezi mitatu nimekuwa nalikimbia giza.

Hata Wembe hakucheka. Iliniuma, kwa sababu karatasi ile Bati aliwahi kunisomea na mimi, nikamwambia afuate. Kisha simu ya Bati ikalia, na sauti ya mkandarasi tukaisikia sote.

MKANDARASI: Saa sita hii inaingia, uko wapi?

BATI: Kivulini. Sipandi mpaka saa kumi.

MKANDARASI: Basi natafuta fundi mwingine.

BATI: Mtafute. Mimi kesho kumi na mbili asubuhi niko juu ya paa lako, saa nne nashuka, saa kumi napanda tena. Na kofia nitavaa, pana, mcheke mpaka mchoke. Ukimpata anayepiga mstari kama wangu, mpe kazi yangu mpaka bati la mwisho. Ila ule uzi wako ukunje, nisiukute.

Akakata simu. Akaikunja karatasi mara nane, akaitia mfukoni. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeinuka. Bati aliliziba kwa kiganja jicho lake zima, la kushoto, akaliinamia benchi letu kwa lile bovu, akaipitia misumari yake mmoja mmoja, kutoka kwa Gia mpaka kwangu.

BATI: Mstari umenyooka. Bado nauona.