Ngano ya Arobaini ya Pagona

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nianze na hilo, kabla hamjanipigia simu kunikumbusha.

Mwaka huu kisiwa chetu kimeona mambo. Februari theluji ilifunga bandari siku tisa. Julai moto ulikula mizeituni yote ya kaskazini. Tumezika watu wanne. Watatu walipikiwa na Pagona Vretou ngano ya arobaini, ile ya sukari inayoombewa kanisani kisha ikaliwa na waombolezaji. Wa nne ni Pagona mwenyewe.

Pagona alichemsha ngano ya marehemu wetu miaka thelathini na sita. Hata ile Februari alifika kanisani na sinia kifuani, miguuni mabuti ya marehemu mumewe. Alipokuja hapahapa studio nilimtania: "Mama Pagona, kuchemsha ngano nako ni kazi?"

"Utaipika siku moja, mwanangu," akanijibu. "Ubaya wake sitakuwepo nikucheke."

Oktoba akafariki. Dada yake, Zambeta, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Alitaka jambo moja tu: sinia la Pagona lisiwe duni kuliko aliyowapikia wengine. Nikajitolea. Mdomo wangu huu umeniponza.

Nilichemsha vizuri. Nikatia lozi, zabibu kavu, komamanga. Nikafunika kwa sukari ya unga, nikachora msalaba. Kumbe ngano hutandazwa kwanza juu ya shuka mpaka ikauke. Yangu ilikuwa bado na maji. Padri alipoanza kuomba, sukari ikaanza kuyeyuka. Alipomaliza, msalaba ulikuwa uji.

Uani pa kanisa, watu walishika vijiko bila kuvitumia.

"Mtangazaji, umepika au umefua?" mmoja akauliza.

Stratis, mtunza kanisa, hakucheka. "Hii hailiwi. Irudiwe Jumapili. Ni aibu kwa marehemu."

Wengine wakamuunga mkono, wengine wakakataa, na sinia likazidi kutoa maji.

Poleni sana, Zambeta na ukoo mzima wa Vretou. Nanyi mnaonisikiliza, kama yupo anayewafanyia kazi mnayoiona ndogo, mwulizeni anaifanyaje angali hai. Mimi sikuuliza.

Ubishi ule aliumaliza Zambeta. Alichota kijiko kimoja, akatafuna polepole, akameza. Kisha akamsogezea Stratis sinia.

"Dada yangu amekulisha ngano miaka thelathini na sita, wala hukuwahi kumletea hata konzi ya lozi. Leo ndiyo unamwonea aibu? Kula."