Kipoyi Hakikugusa Chini: Maisha ya Jephté Vagheni, 1959–2002

Ndugu, majirani, na ninyi wabebaji mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: tunayemzika leo Jumatatu, tarehe 17 Juni 2002, hapa Butembo, ni Jephté Vagheni wa mtaa wa Mususa, mume wa Emérence, kaka wa Jemima. Maisha yake yameandikwa na Orpa, binti ya Jemima, kwa jina la jamaa yote. Wakubwa walishauri aya mbili zipunguzwe ukali. Zilisomwa tena, zikaachwa vilevile.

Alizaliwa Kalunguta tarehe 14 Aprili 1959, mtoto wa nne wa marehemu Timothée, mkulima wa kahawa, na mama Jokébed, ambaye yuko nasi hapa mbele. Alipokuwa na miaka minane, mama alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto akakataa kutoka. Wanaume wa kijiji wakaleta kipoyi: miti miwili mirefu, kitanda cha kamba katikati, watu wanne begani. Ninyi nyote mnajua desturi yake. Kipoyi chenye mgonjwa hakiwekwi chini mpaka mlango wa hospitali. Aliyechoka anampisha mwenzake bega huku wanatembea. Jephté alikimbia kando yao, amebeba kiatu kimoja cha mama. Kabla ya kufika, Jemima alizaliwa palepale juu ya mabega. Kiatu cha pili hakikuonekana tena.

"Weye ulinipotezea kiatu," mama Jokébed alikuwa akimwambia hata alipokwisha kuota mvi.

"Mama, kama ningebeba byote mbili, nani angebeba kelele yako?"

Shule ya msingi aliisoma Kalunguta kuanzia 1965. Ya sekondari aliianza Butembo, akaiacha mwaka wa tatu, 1975, baba yake alipofariki. Kituo kimoja cha afya kilimpa kazi ya kufagia. Alifagia zaidi chumba ambamo muuguzi alikuwa akifunga vidonda, ndiyo sababu chumba kile kilikuwa safi kuliko vyote. Baada ya miaka miwili muuguzi alimpa bandeji na kumwambia, "Fagio weka pale, njoo ushike huu mukono." Hakurudi tena kwenye fagio. Alijua kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika kwa vipande vya mti, kumlaza aliyezimia. Alijua kazi, lakini karatasi ya kazi hakuwa nayo. Neno hilo tutalirudia, maana wengine wamelirudia hata likamwua.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Emérence. Katikati ya ibada mwimbaji mmoja wa kwaya alianguka, kazimia kwa njaa. Bwana harusi aliacha mkono wa bibi harusi, akaenda kumlaza, akamnyanyulia miguu juu ya kiti cha mchungaji. Emérence husema, "Siku ile nilijua nimeolewa na bagonjwa bote ba Kalunguta." Mungu aliwapa watoto wanne.

Vita vilipofika mwaka 1996, na vingine tena 1998, magari machache yaliyokuwa yakibeba wagonjwa yalichukuliwa na watu wenye bunduki. Kipoyi hakikuchukuliwa, maana hakina mafuta. Jephté alikusanya wanaume kumi na mmoja, akawafundisha yote aliyoyajua, wakawa wanashuka na wagonjwa kutoka vilimani, saa tano, saa sita za mguu. Ndipo barrière, vizuizi vya askari, zikaota barabarani, na kila barrière ikauliza swali moja: karatasi iko wapi? Walitaka brevet ya secouriste, mtoa huduma ya kwanza: karatasi inayomruhusu mtu kumtibu mgonjwa njiani na kupita naye.

Jephté hakubisha. Alisoma miezi sita Beni, pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Tarehe 23 Oktoba 1999 alifanya mtihani, akawa wa pili kati ya watu thelathini na mmoja. Alikwenda na picha zake kwenye bureau, ofisi inayotoa brevet. Chef wa pale, Bwana Henri, akamwambia brevet lazima isainiwe Kinshasa. Njia ya Kinshasa ilikuwa imefungwa na vita! Alipewa récépissé, yaani kikaratasi cha kusema kwamba anangoja. Mwaka 2001 wakubwa wa mji walibadilika, ila Chef Henri alibaki kwenye kiti chake. Safari hii akasema mtihani ule ulifanyika chini ya wakubwa wa zamani, urudiwe. Jephté akatembea mpaka Oicha, akaurudia mwezi wa tatu, akawa wa kwanza. Halafu picha zikawa na kivuli nyuma. Halafu mwenye cachet, ule muhuri wa ofisi, akawa kwenye semina. Sisi watoto wa nyumba tulimwuliza: mutu akiwa anatoka damu, nani anaiambia damu ingoje semina? Alicheka tu, akatafuta shati safi la kurudi bureau.

Mwezi wa tisa mwaka huohuo, mke wa Chef Henri alikuwa kwa wazazi wake Kalunguta, mimba ikaharibika, damu ikatoka nyingi. Chef mwenyewe alipiga magoti kwenye matope mbele ya wabebaji. Jephté na wenzake walimbeba yule mama mpaka Butembo, akapona. Wiki mbili baadaye Jephté alikwenda bureau. Maneno waliyosema aliyarudia nyumbani mara nyingi, kwa hiyo tunayajua.

"Jephté, ndugu yangu, merci mingi kwa bibi yangu. Lakini dosye ya makaratasi yako haiyatimia."

"Chef, siku ile mu matope, uliniuliza karatasi?"

"Siku ile nilikuwa bwana ya mutu. Leo niko bureau."

"Basi uniitie ule bwana ya mutu, aniwekee sahihi."

Nyumbani tulicheka mpaka machozi. Leo hatucheki. Na Chef Henri, kama uko hapa chini ya hema, hakuna atakayekufukuza. Kaa usikilize mpaka mwisho.

Alhamisi tarehe 6 Juni, wabebaji walikuwa wakimpeleka Tamar, mama wa Kalunguta, mtoto amekaa vibaya tumboni. Kwenye barrière askari mmoja alisema, "Weka ile kitu chini tuone."

"Mukubwa, kipoyi ya mugonjwa haikalake chini," Jephté alijibu. "Funua nguo, uangalie. Shiye tutasimama nayo."

"Weye ni docteur? Karatasi!"

Alitoa récépissé yake ndani ya plastiki. Askari aliigeuza huku na huku.

"Hii ni ya kungoja. Unangoja nini?"

Wabebaji walicheka kidogo, kwa hofu. Jephté hakucheka. Tamar alikuwa amekwisha kunyamaza, na mwenye kazi ile anajua kunyamaza huko ni nini. Alimpisha bega lake Abdias, mbebaji wa kwanza aliyemfundisha. "Mwende," akamwambia. "Musiweke chini. Miye nitabakia, batu hawa banataka mutu wa kuuliza." Wakaenda. Nyuma yao walisikia kitako cha bunduki. Abdias anasema mabega yake yalitaka kugeuka, lakini mti wa kipoyi ulikuwa juu yake.

Tamar alifika, akazaa mtoto wa kiume, wote wawili wazima. Jephté aliachiliwa baada ya saa mbili, akaingia Butembo kwa miguu yake, ameshika ubavu wa kushoto. Wa kumbeba hawakuwepo. Hospitali ilipigana siku tisa na damu iliyokuwa ikivuja ndani. Jumamosi tarehe 15 Juni, saa kumi na moja na dakika ishirini za asubuhi, akatuacha, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Tangu mtihani wake wa kwanza ilikuwa imepita miaka miwili na miezi saba.

Jana Jumapili ilifika barua ya pole kutoka bureau ileile. Ina sahihi moja na cachet mbili, na hazikuhitaji Kinshasa. Ndani yake wamemwita "secouriste Jephté Vagheni". Kumbe walijua. Barua ilichukua siku moja.

Ameacha mama yake Jokébed, mjane Emérence, watoto Phinées, Bénite, Zorobabel na Kahongya, dada yake Jemima, wapwa, na mtoto mmoja wa siku kumi na moja huko Kalunguta, ambaye wazazi wake wamempa jina la Jephté. Ameacha pia wanaume kumi na mmoja ambao dosye zao za kuomba brevet ziko katika kabati lile moja na yake, na ambao kesho wataitwa na mgonjwa mwingine, na barrière iko palepale.

Kutoka hapa mpaka makaburini, hao kumi na mmoja ndio watakaombeba. Jeneza halitawekwa chini. Njia inapita mbele ya bureau. Hatutasimama, hatutarusha jiwe. Tutapita polepole tu, ili wapate wakati wa kusoma jina msalabani.

Kaka, baba, mjomba: bega lako limepishwa. Upumzike kwa amani.