Mzee Jonah Ndolo na Ndege wa Kwenye Matete

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kwa Vonza na jamaa mliosafiri kutoka Kikima na Kyuso, familia imemchagua Kalunde, ambaye marehemu alimlea kama mtoto wa tumbo la nyumba yake, awasomee maisha ya mzee wetu, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba yasomwe yote, pamoja na ile sehemu ambayo kwa miaka mingi tumekuwa tukiiruka tukiwa mezani.

Mzee Jonah Ndolo Mwangangi alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 karibu na Kikima, katika vilima vya Mbooni, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mwangangi Mutunga na marehemu Muthoki, akafuatwa na dada wawili ambao wako hapa mbele yenu, na mwishoni, mwaka 1944, akaja Mutie, ndugu yake wa pekee wa kiume, ambaye marehemu alimbeba mgongoni kila alikotumwa, kisimani, shambani na hata kanisani, mpaka watu wakamwuliza mama yao kama huyo mdogo ana miguu.

Mwaka 1946 alianza masomo katika shule ya misheni pale Kikima, akamaliza mwaka 1953 na cheti ambacho hakuwahi kumwonyesha mtu kwa sababu ya alama za hesabu, lakini wale waliosoma naye watawaambia kwamba sifa yake ilikuwa kwingine, kwani hakukuwa na ndege katika vilima vile ambaye Jonah hakuweza kulia kama yeye, na fimbo nyingi alizochapwa alizipata kwa kulia kama kwarara wakati wa sala ya asubuhi. Alibatizwa tarehe 25 Desemba 1955, na mchungaji wa wakati huo alimwomba hadharani, mbele ya washirika wote, anyamaze.

Alipasua mawe ya barabara, akakata mkonge, na tarehe 2 Machi 1964 akaajiriwa kuwa askari wa Hifadhi ya Ndege ya Kwa Ndululu, kile kinamasi kilicho nyuma ya soko letu, chenye matete upande wa mashariki na mafunjo upande wa pili. Watu walicheka sana, wakasema Uhuru umekuja na mambo yake, mwanamume mzima anavaa kofia ya serikali na kupewa darubini ili aangalie bata, tena bata ambao haruhusiwi kula. Marehemu alicheka pamoja nao. Ukweli ni kwamba alikuwa amepata kazi aliyoumbiwa, kwani wageni walipoketi kwenye kibanda cha kutazamia, darubini zao zikitafuta huku na huku, yeye alikuwa amefumba macho, akiwaambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mdiria nyuma ya kisiki, na kulastara wawili wanagombana mbele ya mafunjo, na wote walikuwako.

Tarehe 19 Desemba 1964 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Mbinya, ambaye alitoka Kyuso, kwenye ukavu wake na pojo zake, na ambaye jambo la kwanza alilosema alipofika hapa ni kwamba hajawahi kuona maji mengi hivi yamelala bila kazi. Mungu aliwabariki na Muthoki mwaka 1966, akapewa jina la nyanya yake, na Mwangangi mwaka 1968, aliyepewa jina la babu yake, na mwingine ambaye atatajwa mahali pake.

Mwaka huo wa 1968 Mutie alifiwa na mke wake kule Mbooni, akaja hapa akiwa amembeba binti yake wa miaka mitatu, na huyo binti ndiye Kalunde mnayemsikiliza. Marehemu alimpa ndugu yake mahali pa kujenga, na kwa kuwa mtu lazima ale, Mutie akaanza kukata matete ya kuezekea nyumba, na kila mtu hapa anajua kwamba kukata matete ndani ya hifadhi kulikuwa kumekatazwa, na kila mtu pia anajua nyumba ngapi za Kwa Vonza ziliezekwa na Mutie, kwa hivyo tusitazamane vibaya. Ndugu hao wawili walielewana hivi, kwamba siku za kawaida Mutie atakata, lakini siku za wageni atajificha mbali ndani ya matete, na marehemu alimwambia neno ambalo baadaye lilikuja kumla moyo, "Wageni wakiwapo, usisikike."

Sasa, kulikuwa na ndege mmoja ambaye wageni walikuwa wakimwulizia kila mwaka, ndege mkubwa wa rangi ya matete makavu, ambaye hujificha humo ndani na kunyoosha shingo juu mpaka usimwone hata akiwa mbele yako, na ambaye hujulikana kwa sauti tu, sauti nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza ndani ya kibuyu kitupu. Mwalimu mmoja wa kutoka Murang'a, Bwana Ng'ang'a, alikuja miaka mitatu mfululizo akimtafuta, akamfundisha marehemu sauti hiyo kwa kuipuliza kwenye kitete, kile kibuyu cha uji cha mama Mbinya, na marehemu akaishika mara moja, akawa akiipuliza jioni ili kuwachekesha watoto. Kwa askari wa ndege, kumpata ndege kama huyo kwenye kinamasi chake kulikuwa ndiyo ndoto yake, na mzee wetu aliitamani ndoto hiyo sana, hatutaficha.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Januari 1971, marehemu alikuwa kibandani na Bwana Ng'ang'a na wageni wengine watatu, ukungu bado haujainuka, na kanuni ya kibanda ilikuwa ile ile ya siku zote, hakuna kusimama, hakuna kukohoa, hakuna kusema. Ndipo sauti ikatoka kwenye matete upande wa mashariki, nzito, ya chini, ikanyamaza, ikatoka tena, na mgeni mmoja akataka kuinuka, akauliza kama hapo kuna mtu, na marehemu, ambaye masikio yake hayakuwa yamekosea hata mara moja, aliinua mkono akasema, "Nyamazeni. Ndiye huyo. Msimtishe."

Walinyamaza. Sauti ikatoka mara nyingine, ikiwa imefifia, na baada ya hapo kukawa kimya, na wageni wakashikana mikono wakiwa na machozi, na Bwana Ng'ang'a akamkumbatia marehemu, akamwambia kwamba jina lake litachapishwa pamoja na habari ya ndege huyo. Marehemu alikuja nyumbani akiwa na furaha ambayo mama Mbinya anasema hakuiona kabla ya hapo wala baada yake, akaagiza chai ya maziwa mengi, akauliza Mutie yuko wapi, aje asikie. Hakuna aliyejua. Alasiri walimpata upande wa mashariki, mahali ambapo matete yanaota juu ya tope bila udongo chini yake, akiwa amezama hadi kifuani, kichwa kimelalia mbele majini, na mikono yake imeshika mafungu ya matete aliyokuwa ameyavuta ili ajitoe.

Polisi waliandika kwamba ni ajali, na ilikuwa ajali. Mutie alizikwa Kikima, na marehemu hakulia makaburini, alisimama akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile alivyokuwa akifanya kazini anaposikiliza. Miezi michache baadaye alikwenda kwa Bwana Ng'ang'a akamwomba afute ile habari ya ndege, na Bwana Ng'ang'a, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamshika bega akamjibu, "Mzee, tulikuwa watu watano na sote tulimsikia." Habari ikachapishwa, na wageni wakaja wengi kuliko zamani, kutoka Nairobi na ng'ambo, kila mmoja akitaka kupelekwa mahali pale pale, na ilikuwa kazi ya marehemu kuwapeleka, akisimama nyuma yao huku wakisikiliza. Hakuna hata mmoja aliyemsikia ndege huyo.

Hilo ndilo jambo alilobeba, na tunalisema leo waziwazi kwa sababu wengi mlimwona akienda kinamasini kila alfajiri, mvua au jua, hata siku za mapumziko yake, mkadhani ni mapenzi ya kazi. Alikuwa akimngoja ndege. Kama ndege huyo angelia mara moja tu, basi ile sauti ya tarehe 16 Januari ingeweza kuwa yake, na Mutie angekuwa amekufa kimya, wakati mwingine, bila kumwita mtu, na kama hakuna ndege kama huyo Kwa Ndululu, basi alikuwa amewanyamazisha watu wanne wakati ndugu yake akimwita.

Mwaka 1972 alizaliwa kitinda mimba wetu, akapewa jina la Mutie, kama ilivyo desturi yetu kumrudisha aliyeondoka, na jioni moja mama Mbinya alisimama mlangoni akamwita mtoto kwa jina hilo, upande wa maji, akamwona mume wake akiacha chakula na kupita mbele yake akikimbia bila viatu. Tangu hapo mtoto ameitwa kwa jina la ubatizo, Evanson, na ndiyo sababu wengine wenu hamkujua jina lake la nyumbani mpaka leo.

Na tangu hapo marehemu hakumnyamazisha mtu yeyote, si mtoto anayelia kanisani, si mlevi sokoni, na mchungaji aliposema tuombe kimoyomoyo yeye alikuwa akitoka nje. Kule kazini aliiondoa kanuni ya kibanda na kuweka yake, akawafundisha wageni, askari waliomfuata na watoto wake wote maneno haya haya: "Sauti ikitoka kwenye matete, enda kwanza. Kama ni ndege, ataruka." Wageni walilalamika kwamba askari anarukia majini kila chura anapolia na kuwatawanya ndege wote, wakubwa wake wakamwonya, akapitwa na vijana aliowafundisha yeye mwenyewe, na hakubadilika. Katika ukame wa mwaka 1984 kinamasi kilikauka kikapasuka, marehemu akakitembea chote kwa miguu akitafuta kiota cha ndege huyo, japo kikuukuu, na hakupata kiota, alichokipata ni panga la Mutie, lenye mpini wa pembe, ambalo liko nyumbani ukutani.

Kalunde aliambiwa habari hizi na mama Mbinya mwaka 1981, akiwa na miaka kumi na sita, akamchukia marehemu kwa mwaka mzima, akikataa hata kumpelekea maji ya kunawa, na marehemu alinawa mwenyewe, hakumlaumu, akaendelea kumlipia shule. Chuki iliisha alfajiri moja alipomfuata na kumwona amesimama peke yake kando ya maji, mzee mwenye kofia mkononi, akiita kwa sauti ya chini jina la Mutie, baba wa Kalunde.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 1993. Mwaka 1995 alianza kuugua ugonjwa wa sukari, na ugonjwa huo ulimla macho kidogo na miguu sana, lakini kilichomvunja ni masikio, ambayo kufikia mwaka jana yalikuwa karibu yameziba kabisa. Mwezi wa sita mwaka huu alilazwa hospitali kule Kitui, na alipoona kwamba hatatoka, alimwomba Kalunde aende badala yake, mara moja tu, asikilize, kwa kuwa mvua kubwa zilikuwa zimekijaza kinamasi vile kilivyokuwa zamani.

Kalunde alikwenda Jumapili, tarehe 12 Julai, asubuhi yenye ukungu, akaketi kibandani, na ataeleza alichokisikia bila kukiongezea chumvi. Sauti ilitoka kwenye matete upande wa mashariki, nzito, ya chini, ikanyamaza, ikatoka tena. Sehemu moja ya moyo wake ilitaka kukaa pale, isikilize vizuri, ijue mwishowe ni nini, lakini amelelewa katika nyumba ile, miguu yake ilikuwa tayari imeingia majini, na viatu vyake vya kanisani, mpaka kiunoni, akishika matete kwa mikono yote miwili. Hakuna kilichoruka. Hapakuwa na mtu. Matete hayakutikisika, na tope likachukua kiatu kimoja, kiko huko mpaka sasa.

Alirudi hospitali jioni hiyo, akaeleza yote kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio ya mzee, wodi nzima ikisikiliza. Marehemu aliuliza kama ndege aliruka, akaambiwa hakuruka, akauliza kama palikuwa na mtu, akaambiwa hapakuwa na mtu, akafumba macho, na Kalunde akaogopa kwamba amemwumiza.

"Lakini ulienda," akasema.

"Nilienda, baba."

"Basi Mutie ameendewa."

Hakuulizia tena habari za ndege. Alikula uji, jambo ambalo hakulifanya wiki hiyo yote, akawasalimu watoto wake kila mmoja kwa jina, na kitinda mimba akamwita Mutie, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 16 Julai 1998, Bwana akamchukua. Amemwacha mjane mmoja, watoto wanne, Kalunde akiwa mmoja wao, na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, majirani mliolala hapa nasi tangu msiba ulipoingia, wafanyakazi wenzake wa Kwa Ndululu waliokuja na sare, kanisa, na Bwana Ng'ang'a, ambaye amesafiri akiwa mzee sana, yuko pale nyuma, na anakaribishwa chakula nyumbani.

Kwenye ratiba yenu mtaona imeandikwa dakika moja ya ukimya. Tumeifuta, kwa sababu marehemu asingeikubali, na badala yake tutaimba, kila mtu kwa sauti yake yote.

Pumzika kwa amani, baba, na ukiita tutakuja.