Kiganja cha Mama Lehemu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, kinyozi kwa kazi, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Lehemu. Mtaniwia radhi nikisoma kwa mkono mmoja, maana huu wa kushoto nimeufumba juu ya kitu, na waya huu mnaouona unatoka kiganjani mwangu hadi kwenye kompyuta iliyo mbele ya binti yake, na sina ruhusa ya kuufumbua mpaka historia iishe. Sababu nitaieleza ikifika zamu yake, ila mjue tangu sasa kwamba kwa asubuhi hii ya mvua na baridi, kinachonitia hofu ni mkono, si karatasi.

Dada yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watano, baba yetu akiwa mpaka rangi na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ghala la mbao, ambako vumbi la msumeno liliingia mpaka kwenye uji. Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na sekondari mwaka 1980, na huko ndiko alikoadhibiwa kwa kuifungua kengele ya umeme ya shule ili ajue inaliaje, akaifunga tena vizuri kabisa, ila ikawa inalia bila kukoma na shule nzima ikatoka kwenda mapumziko kabla ya wakati. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la redio, na wenzake walipomtania kwamba chuma cha kulehemu kingemchoma vidole, aliwajibu kwamba kidole kikiungua kinapona, redio ikiungua ndiyo basi.

Mwaka 1987 aliajiriwa na fundi mmoja mzee wa redio, na mwaka 1993 akafungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja cha bati chenye dirisha dogo, ambacho mchana kilikuwa na joto la kuivisha mkate. Hakuwa mtu wa kubembeleza wateja, na aliyeleta kitu akasema kimegoma tu chenyewe, alijibiwa, "Hakuna kinachogoma chenyewe, kuna mtu amekosea, na huenda ni mimi." Nawaomba myakumbuke maneno hayo, yatarudi.

Tarehe 23 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwashi, ambaye alileta redio moja kutengenezwa mara nne, na mara ya nne haikuwa mbovu. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1991 na sasa ni fundi bomba, na wa pili binti, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1995 baada ya uchungu uliopita kiasi, akatoka na mikono isiyomtii na sauti isiyofanya maneno, lakini akiwa na akili kali na mguu wa kulia wenye amri zake. Huyo ndiye tunayemwita Bosi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akigonga kisigino sakafuni kutuita, na usipoitika papo hapo aligonga mpaka sahani zikacheza kabatini. Kuzungumza naye kulitaka mtu amtajie herufi moja baada ya nyingine, naye agonge inapofika ile anayoitaka, na mimi mjomba wake nikifika M nilikuwa nimeshapotea, ila mama yake hakupotea hata siku moja.

Bosi alisoma, kwa mama huyo na kwa walimu wenye subira, akafika mahali pa kufanya mtihani wa kuingia chuo, na mwaka 2014 wakuu wa mtihani walikubali aufanye kwa kompyuta, kwa masharti kwamba achape mwenyewe, asiguswe mguu wala asikisiwe herufi, na kwamba kifaa chake kikishindwa siku hiyo ataandikwa hakufika, basi, mlango umefungwa. Barua ile ya masharti ilipokuja shemeji aliisoma akatoka nje, lakini dada alikwenda moja kwa moja karakanani.

Mwanzoni alifungua kibodi kuukuu akaiunganisha na pedali mbili, moja ya vidole ya kupitisha herufi kwenye skrini na moja ya kisigino ya kuchagua anayoitaka, lakini mguu wa Bosi hutikisika wenyewe bila kutumwa, na kibodi haijui tofauti ya mtikisiko na amri, hivyo ukurasa ukajaa herufi ambazo hakuna aliyeziita. Dada akaona pawepo akili ndogo katikati, ipime kila mkanyago kabla ya kuupeleka, akachukua kutoka kwenye kopo la vipuri chipu ya miguu minane ya chuma, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tatizo ni kwamba chipu ile haikutoka kiwandani na njia yoyote ya kuzungumza na kompyuta kwa waya wa USB, upande huo ni bubu kabisa, kwa hiyo ilibidi ifundishwe kwa programu, ihesabu yenyewe mapigo ya saa iliyo ndani yake na kuwasha na kuzima miguu miwili kwa wakati barabara, ili kompyuta iamini kwamba inaongea na kibodi. Programu ya msingi waliiandika watu wa mbali wakaitoa bure kwenye mtandao, naye aliisoma mstari kwa mstari, akiisuta kwa sauti kama mke mwenza.

Msilione jambo hilo dogo, maana kompyuta ikiita haingoji, na chipu ikichelewa kuitika kwa sababu imeshughulika na mguu wa Bosi, maandishi yanatokea kwamba kifaa hakitambuliki, na hapo huna pa kukata rufaa. Kwa miezi mingi maandishi hayo ndiyo tuliyoamkia, huku mtihani ukisogea, na dada akapunguza hapa akapanga upya pale, mpaka chipu ikajifunza kuacha chochote ilichoshika inapoitwa, kama alivyojifunza yeye kwa kisigino cha Bosi. Mwezi Septemba kifaa kikatambuliwa, na neno la kwanza ambalo mtoto yule alilichapa kwa mguu wake mwenyewe, bila mtu kumtajia herufi, lilikuwa "njaa", dada akacheka huku machozi yanamtoka.

Lilibaki jambo moja ambalo hakuliona. Saa ya ndani ya chipu hubadilika mwendo kwa joto na kwa baridi, na mafundi huituliza kwa kuongeza kristali inayotunza mapigo, lakini kristali inataka miguu miwili, na miguu yote minane ilikuwa na kazi, miwili ya umeme, mmoja wa kuianzisha upya, miwili ya waya wa USB, miwili ya pedali na mmoja wa taa ya kijani. Basi dada aliipima saa ile kwa mkono, mchana, chini ya bati la karakana, na kila alipoijaribu aliijaribu chini ya bati lilelile.

Tarehe 10 Novemba 2014 tulimpeleka Bosi mtihanini, mimi nikisukuma kiti chake, na chumba kilikuwa na kiyoyozi. Kifaa kilitoka mfukoni mwa dada kikiwa na joto la nje, kikatambuliwa, tukatolewa barazani, mlango ukafungwa, na hatujakaa tukasikia kisigino kinagonga sakafu, kwanza mara mbili, kisha bila kukoma. Msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani, alifungua mlango akasema, "Mama, kompyuta inasema haikitambui." Dada aliingia, akakichomoa, akakishika akikagua miguu yake, akakichomeka, kikakubali, akakiweka mezani, na baada ya muda mfupi taa ikazima, akarudia, ikawa vilevile, mkononi kinakubali, mezani kinakataa. Hapo niliuona uso wake ukibadilika, akasema, "Ni baridi. Nilikipima kwenye joto. Kosa ni langu."

Swichi ya kiyoyozi ilikuwa katika ofisi iliyofungwa, watahiniwa wengine walikuwa wameshaanza kuandika, na muda wa Bosi ulikuwa unakwenda kama wa wengine. Dada aliomba abaki ndani akishike kifaa, msimamizi akamjibu kwa sauti ya chini, "Mzazi haruhusiwi humu, nikikuruhusu kesho sina kazi," naye dada akasema, "Nigeuze niangalie ukuta, nifunge macho, ila mkono wangu uache hapa." Msimamizi alipiga simu kwa wakubwa wake, ikaita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikakatika, akasimama akimtazama Bosi, kisha akavua mtandio wake mwenyewe akamfunga dada macho, na huyo mama yupo hapa pamoja nasi leo, amekaa safu ya pili.

Dada aliketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, mkono umeinuliwa, kifaa kimefungwa ndani ya nailoni ya mkate ili jasho lisiunganishe miguu yake, na mimi nilitazama kupitia kioo cha mlango kwa muda wote wa mtihani, nikiona mkono ule ukianza kutetemeka begani, kisha kwenye kiwiko, na vidole vikizidi kukaza. Hakuwa na njia ya kujua kama taa inawaka, hakuwa na ruhusa ya kuuliza, na kubadili mkono aliogopa. Mtihani ulipokwisha na majibu ya Bosi yakahifadhiwa salama, watu walianza kutoka, lakini dada alibaki vilevile, hakuna aliyekumbuka kumwambia, mpaka Bosi alipofungua ukurasa mtupu akachapa maneno, na msimamizi akayasoma kwa sauti, "Mama, fungua mkono." Haukufunguka. Niliingia nikamkunjua kidole kimoja kimoja, na kwenye kiganja chake miguu minane ya chipu ilikuwa imejichora.

Bosi alifaulu, akasoma chuo, na sasa ni mhariri wa vitabu vya shule, wala makosa ya karatasi hii msinilaumu mimi, kinyozi hajinyoi, yeye ndiye aliyeipitia. Wiki ileile ya mtihani dada alitengeneza kifaa kingine chenye chipu kubwa zaidi na kristali yake, ambacho hakijawahi kukataa mahali popote, na kile cha kwanza akakitundika msumarini karakanani.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2021, na mwezi Februari mwaka huu wa 2023 alilazwa, damu ikawa haifiki vizuri viganjani, mikono ikapoa kabisa, naye akatania kwamba sasa hata kile kifaa cha zamani kingemkana. Siku moja alinishika mkono, akaupima kama anavyopima betri, akasema, "Wewe una joto, ndiyo faida ya kushika vichwa vya watu kutwa nzima," na mimi nikacheka, sikujua kwamba ananikabidhi kazi. Alifariki dunia tarehe 6 Juni 2023, alasiri, mume wake akiwa ameketi kando ya kitanda, na uchungu wake siwezi kuusoma, nimejaribu nyumbani nikashindwa.

Jana Bosi alisema kwamba leo ataongea mwenyewe, na kwa kifaa cha kwanza, hiki nilichokifumba mkononi. Kaka yake fundi bomba alikataa, akasema msiba si mahali pa majaribio, watu watashuhudia mashine ikimkana dada yake mbele ya mama yake, na mimi nilimuunga mkono kaka, lakini Bosi alituchapia kwamba kile kipya hakihitaji mtu wa kukishika, na mjadala ukaishia hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kununa, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, na mama msimamizi, ambaye hatujawahi kumshukuru hadharani mpaka sasa.

Karatasi yangu inaishia hapa, neno la mwisho si langu. Naomba utulivu, herufi zake huja polepole, na kompyuta itayasema maneno yakitimia. Taa naiona katikati ya vidole, inawaka. Imezima. Subirini, ndugu zangu, msinong'one, nakaza mkono, Bosi usigonge, mjomba yupo, nakaza. Imewaka. Haya, Bosi, chapa. Kompyuta imesema, nami narudia maneno yake kwa walio nyuma ambao hawakusikia.

Pumzika kwa amani, mama. Fungua mkono.