Ermes Guidetti, Fundi wa Gari Namba Mbili

Padri, ndugu wa ukoo, majirani wa Soliera na Limidi, mliofanya kazi na baba na ninyi nyote mliokuja katika ukungu huu wa Januari, kwa niaba ya familia nawaomba mkae vizuri, kwa sababu nitakayoyasoma ni marefu kidogo kuliko tulivyozoea. Mimi ni Ivana, mtoto wake wa kwanza.

Baba yetu, Ermes Guidetti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa Soliera, mtoto wa tatu wa Arturo Guidetti, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, na mkewe Argia Losi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, vita ikamkatiza, na ilipokwisha akajiandikisha katika shule ya ufundi ya jioni mjini Modena, akawa anaendesha baiskeli kilomita kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi kwa miaka mitatu, hadi alipohitimu mwaka 1949 akiwa wa pili katika darasa la watu thelathini na mmoja. Wa kwanza alikuwa rafiki yake, Oddone Cavazzuti, ambaye yuko nasi leo, safu ya tatu, karibu na nguzo.

Tarehe 3 Oktoba 1949 wote wawili waliajiriwa asubuhi moja na kampuni ya magari ya Lodesani, katika idara ya mashindano, ambayo wakati huo ilikuwa na watu kumi na mmoja, na karakana yake ilikuwa ghala la zamani la jibini lililonuka maziwa kila mvua iliponyesha. Historia ya timu hiyo wengi wenu mnaijua kuliko sala zenu, kwa hiyo nitaipitia haraka. Ushindi wa kwanza ulipatikana tarehe 20 Mei 1951 katika mitaa ya Reggio, mwaka 1954 gari la Lodesani lilimaliza la pili katika daraja lake kwenye mbio za maili elfu za Brescia, na mbio hizo zilipofutwa mwaka 1957 timu ikageukia mashindano ya kupanda milima, Oddone akafanywa mkuu wake mwaka 1958, na mwaka 1960 ikatwaa ubingwa wa Italia ikiwa na dereva Tullio Benassi, mtoto wa mwoka mikate wa Nonantola. Kila gari lililoshinda katika miaka hiyo lilipita mikononi mwa baba kabla ya kutoka, na saini yake ilikuwa katika daftari la karakana, kwa sababu hakuna gari lililoruhusiwa kukimbia bila fundi mkuu kutia saini.

Tullio alikuwa akija kukaa juu ya pipa la mafuta kumwangalia akifanya kazi, na kumchokoza.

"Ermes, ukimaliza kulibembeleza hilo gari nipe mimi nikaliharibu."

"Wewe rudi kwa baba yako ukaoke mikate," baba alimjibu. "Kule ukikosea unaunguza unga tu."

Hayo mama alitusimulia, maana naye alikuwa akipeleka chakula cha mchana karakana. Mama yetu, Nerina Pollastri, alikuwa mfumaji wa sweta mjini Carpi, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1953 katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 2 Februari 1955, na mdogo wangu Learco aliyezaliwa mwaka 1959. Baba yangu wa ubatizo ni Oddone Cavazzuti. Ndiye aliyenibeba pale kwenye maji.

Sasa nafika mwaka 1962, na mwaka huo nitausoma taratibu.

Ijumaa ya tarehe 8 Juni, baada ya mazoezi ya mbio za milima ya Frignano, gari namba mbili la Tullio lilirudi karakana na baba akalifungua upande wa mbele. Mkono wa usukani, yaani kile chuma kinachogeuza gurudumu dereva anapogeuza usukani, ulikuwa wa aina mpya, mwembamba kuliko wa zamani, uliotengenezwa ili gari lipungue uzito, na baba hakuwa ameupenda tangu siku ya kwanza. Aliupaka mafuta ya taa, akaufuta ukakauka, kisha akaupaka unga wa chaki na kungoja, kwa sababu mafuta yaliyoingia katika ufa hutoka na kujichora juu ya chaki. Mstari ukatokea, mwembamba kama unywele, karibu na tundu la boliti. Akausafisha akarudia tena, mstari ukatokea pale pale. Akaandika katika daftari kwamba gari namba mbili halifai kukimbia, akatia saini na saa, kisha akaenda kwa Oddone.

"Namba mbili haliendi," alimwambia.

"Jumapili mzee Lodesani amealika wanunuzi kutoka Milano."

"Wape kahawa. Mkono umepasuka."

"Umepasuka au umekwaruzwa?"

"Nimeupima kwa chaki mara mbili, Oddone."

Oddone akamwekea mkono begani. "Basi nitaurudisha ule wa zamani, mimi mwenyewe na vijana, kesho. Wewe nenda nyumbani. Nerina amepiga simu, mtoto ana homa kali."

Mtoto huyo nilikuwa mimi, mwenye umri wa miaka saba, nina surua. Baba alikuja nyumbani, akakaa kando ya kitanda changu Jumamosi nzima na Jumapili, akinibadilishia kitambaa cha maji, na hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu rafiki yake alikuwa amempa neno lake. Jumapili, tarehe 10 Juni 1962, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kwenye kona ya nne kutoka juu, gari namba mbili liligoma kukata kona, likaenda moja kwa moja bondeni, na Tullio Benassi akafa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Kesi ilisikilizwa Modena mwezi Novemba 1963. Daftari la karakana lililetwa mbele ya hakimu, na ukurasa wa tarehe 8 Juni haukuwemo. Kilichobaki cha ule mkono wa usukani hakikuonekana tena. Mkuu wa timu alisimama, akaapa, akasema kwamba gurudumu la mbele lilichomoka kwa sababu nati yake haikukazwa, na kwamba fundi aliyehusika aliondoka kwa haraka siku ile, jambo analolielewa kama binadamu, kwa kuwa alikuwa na mtoto mgonjwa. Baba alihukumiwa miezi kumi, kifungo cha nje, na kampuni ikamfukuza kabla ya Krismasi. Alikwenda Nonantola kumwona mama yake Tullio, akabisha hodi, mlango ukafunguliwa kidogo, mama yule akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwa na kuufunga taratibu. Hakwenda tena.

Timu ya Lodesani ilitwaa ubingwa mwingine mwaka 1964, ikapigiwa kengele na watu wa hapa, wengine wenu mlikuwepo, na baba alikuwa akitengeneza plau upande wa pili wa barabara. Idara ya mashindano ilifungwa mwaka 1970, kampuni ikauzwa, na mwaka 2001 lile ghala la jibini likafanywa jumba la makumbusho, ambamo kuna picha kubwa ya timu ya mwaka 1960 yenye watu kumi na wanne na majina kumi na matatu. Aliyeachwa bila jina ni yule aliyepiga goti kando ya gurudumu.

Kuanzia Januari 1964 hadi alipostaafu mwaka 1991, baba alifanya kazi katika karakana ya ushirika wa wakulima wa Limidi, akitengeneza matrekta na mashine za kuvunia, na nawashukuru waliompokea wakati hakuna mwingine aliyetaka kumwona akishika spana. Hapo napo hakutoa trekta kabla ya kuandika na kutia saini, ingawa hakuna aliyemtaka aandike.

Mambo mengine ya aibu katika historia hii ni yangu. Baba wa ubatizo hakuacha kuja kwetu kila Krismasi, mama alimruhusu kwa ajili yangu, na baba alikuwa akitoka nje kwenda kupasua kuni mpaka mgeni aondoke. Nilipopata kipaimara aliniletea baiskeli, akanikalisha chini akaniambia kwa upole sana, "Usimlaumu baba yako, binti yangu. Alikosea, lakini alikosea kwa kukupenda." Nikaamini. Nani angekataa kuamini maneno matamu namna ile? Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na minne, tukiwa mezani, nilimwuliza baba mbele ya mama na Learco, "Ile nati hukuikaza kwa sababu yangu?"

Aliweka kijiko. "Kula, supu inapoa," akasema, akainuka akatoka uani, na hakurudi mezani mchana ule. Hakujitetea kwangu hata siku moja. Nilimwamini mtu wa nje nikamwacha baba yangu, kwa miaka arobaini na miwili, na leo nasema hivyo mbele yenu kwa sababu nilichelewa kumwambia yeye.

Mama alitutoka tarehe 6 Mei 1998. Mwezi Septemba 2011 baba alianza kukosa pumzi, madaktari wakatueleza kwamba mapafu yamechoka, akalazwa. Tarehe 22 Novemba, saa tisa alasiri, nikiwa nammenyea chungwa, mlango ukafunguliwa na Oddone akaingia na fimbo yake, akaketi bila kuvua koti.

"Ermes," alisema, "ule ukurasa niliuchana mimi."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mahakamani. Ulimwangalia hakimu, ukaangalia dirisha, ukaangalia viatu vyako. Mimi hukuniangalia."

Chungwa lilinidondoka. Oddone akaendelea, kama mtu anayeshuka ngazi asiyeweza tena kusimama katikati, akasimulia habari za ile chaki na daftari, na kwamba mkono wa zamani haukupatikana Jumamosi ile, kwamba mzee Lodesani alisema gari litakimbia, na kwamba Tullio alipouliza kabla ya kupanda, yeye alimjibu, "Ermes amelipitisha."

Baba alifumba macho aliposikia hilo. Hilo hakuwa akilijua.

"Mzee aliniambia tukikubali kosa, kampuni itafungwa," Oddone alisema. "Watu mia na ishirini, Ermes, wote wana watoto."

"Na mimi nikawa wa mia na ishirini na moja."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Foleni haianzii kwangu," baba alisema. "Mama yake Tullio amekufa akiamini nilimuua mwanawe. Dada yake, Deanna, yupo hai, anakaa nyumba ile ile. Nenda kwake ukamwambie hayo uliyoniambia. Ukitoka huko njoo, nitakusamehe, tutakunywa mvinyo hata wakinikataza."

Oddone alilia, akaahidi kwenda Jumapili. Jumapili kulikuwa na ukungu. Jumapili iliyofuata goti lilimsumbua, halafu ikaja Krismasi, halafu simu haikupokelewa. Baba aliniuliza kila siku, "Oddone ameenda?" nami nilimjibu bado, na kila mara alitikisa kichwa kidogo kama anayesikia jambo la kawaida. Nilimwambia niende mimi. Akakataa, akasema neno hilo lina mwenyewe. Siku hamsini na nane alimngoja rafiki yake amsaliti au asimsaliti kwa mara ya pili, na alifariki Alhamisi, tarehe 19 Januari 2012, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini, miezi kumi na siku tano.

Jana asubuhi baba wa ubatizo alikuja nyumbani.

"Watu wanakuja kuaga, binti yangu, hawaji kusikiliza kesi," aliniambia. "Wasomee miaka tu."

"Nitaisoma yote," nilimjibu, "na wewe una mchana mzima wa leo. Nonantola si mbali, na hakuna ukungu."

Nilingoja mpaka saa kumi, kisha nikaenda mwenyewe. Deanna Benassi alinisikiliza akiwa amesimama, mikono ikiwa na unga, hakuniuliza swali hata moja mpaka nilipomaliza, ndipo akauliza jambo moja tu, kama baba alipata kujua kwamba mama yake alijuta kuufunga ule mlango. Nikasema hapana, hakujua. Akavua aproni. Leo ameketi hapa mbele, kati yangu na Learco, kwa sababu tulimwomba na akakubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba kwa miezi minne, majirani waliotuletea chakula na kuni bila kuombwa, wazee wa ushirika wa Limidi walioleta trekta lake la mwisho mpaka mbele ya kanisa, na padri wetu aliyeniruhusu kusoma bila kuomba kuona karatasi kwanza.

Sanduku litabebwa na watu sita. Oddone Cavazzuti ameomba awe mmoja wao, kwa kuwa alianza kazi naye asubuhi moja. Tumejadiliana, na jibu la familia ni hapana. Nafasi yake ataishika Deanna. Wewe, baba wa ubatizo, hufukuzwi, utatembea nyuma pamoja na watu wengine.

Lala sasa, baba. Kazi yako ilikuwa safi.