Shamis Dekow, Aliyetaka Qaaxo Itajwe

Assalamu alaykum wazee, akina mama, majirani, na nyinyi mliovuka matope kutoka Modogashe na Dadaab.

Marehemu Shamis Dekow alizaliwa karibu na Modogashe mwaka 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Dekow Kulow na Bi Isnino, na ile tarehe mosi Januari ya kitambulisho chake alipewa shuleni, kama wengi wetu hapa, maana ngamia wa baba hawakungoja kalenda. Alisoma hapa Garissa hadi mwaka 1968, akasomea uuguzi Nairobi, na mwaka 1973 akaajiriwa hospitali ya hapa mjini. Tarehe 9 Aprili 1976 aliolewa na Zakariye Siyad, na Mungu akawajalia Mowlid na Samsam.

Mwaka 1990 alijiunga na watafiti wa magonjwa ya mapafu, waliowatibu wafugaji katika manyatta, kijiji cha vibanda kilichojengwa karibu na hospitali, ili mgonjwa asihame na mifugo kabla ya kumaliza dawa, na kazi yake ilikuwa kukusanya makohozi ya asubuhi. Darubini ilionyesha kwamba wasichana wetu karibu wote ni wazima, naye akafurahi, akawatangazia wakubwa wake, kumbe akina mama wenye mabinti waliochumbiwa walikuwa wakileta makohozi ya shangazi mzima, kwa kuwa msichana akisemwa ana kifua kikuu, yaani qaaxo, ambayo majumbani tunaiita homa, mchumba humkimbia. Wawili kati ya wasichana hao tuliwazika mwaka 1992, na jambo hilo lilimuuma Shamis hadi mwisho.

Mwaka 1993 aliambukizwa yeye mwenyewe, akakataa kufichwa nyumbani, akahamia manyatta na kikombe chake, akameza dawa na kukohoa mbele ya akina mama wale bila kuona haya, na ndipo walipoanza kuwaleta mabinti wenyewe. Alipona, lakini mapafu yalibaki na makovu, na tangu mvua kubwa za mwaka jana pumzi ilimpungukia kidogo kidogo, mpaka akalazwa wodini, akafariki Jumanne, tarehe 3 Machi 1998.

Sisi ndugu zake tulikuwa tumekubaliana niseme homa, kwa sababu Samsam amechumbiwa, na wazee wa upande wa mchumba wameketi hapa mbele. Marehemu aliagiza qaaxo itajwe, nasi tukabishana hadi jana, Samsam aliponiambia, "Abti, soma alivyotaka hooyo." Basi mimi mjomba wake nimeitaja, kama mama yake alivyotaka.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, watafiti wenzake, na majirani waliotuletea maji na chakula. Tunamshukuru pia Bi Lul, mama wa mchumba, kwani nimeambiwa leo asubuhi kwamba wiki iliyopita, sisi tukiendelea kuficha, alikwenda wodini akijua kila kitu, akaikataa bilauri ya wageni, akanywa chai katika kikombe cha Shamis.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika, dada yangu, kikohozi kimekwisha.